Radi, Ndege na Mrija wa Kaboni

Ndege ya abiria inayoruka kila siku hupigwa na radi kwa wastani mara moja hivi kwa mwaka. Walio ndani husikia mshindo, huona weupe dirishani, pengine taa zikapepesa kidogo. Rubani huendelea na safari yake, na akishatua mafundi huizunguka ndege wakitafuta alama za kuungua, mara nyingi vidoa vidogo puani, kwenye ncha za mabawa au mkiani. Basi. Abiria huchukua mizigo yao wakaenda nyumbani.

Mimi ni mzaliwa wa Kabare, katika Kivu ya Kusini, na habari hiyo niliisoma mara tatu kabla ya kufungua ukurasa uliofuata. Kwetu radi ikipiga, watu hawaendi kuchukua mizigo.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa tafsiri na istilahi alitupa kazi. Kila mmoja achague jambo la sayansi, alieleze kwa Kiswahili ambacho mzazi wake angeweza kukifuata, bila kujificha nyuma ya maneno ya Kiingereza wala ya Kifaransa. Wenzangu walichagua chanjo, mbolea, simu ya mkononi. Mimi nilichagua nanoteknolojia katika ndege na vyombo vya anga. Darasa lilicheka, kwa sababu kila mtu anajua kwamba sijapanda ndege hata siku moja; chuoni nilifika kwa basi na kwa mguu. Lakini sababu yangu haikuwa ndege. Ilikuwa radi.

Kuhusu radi, sisi wa Kabare tuna sifa ambayo hatukuiomba. Mwaka 1997 Marekani na Japani zilirusha setilaiti iitwayo TRMM. Kazi yake kubwa ilikuwa kupima mvua za nchi za joto, ila ndani yake mlikuwa na jicho lililohesabu mimweko ya mawinguni usiku na mchana. Mwaka 2016 Rachel Albrecht wa Chuo Kikuu cha São Paulo na wenzake walitoa hesabu ya miaka 16 ya jicho hilo. Wa kwanza duniani ni Ziwa Maracaibo la Venezuela, lenye mimweko 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Wa pili duniani, na wa kwanza Afrika, ni Kabare: 205. Ramani za kabla ya hapo zilikuwa zimekipa taji kijiji cha Kifuka, nacho ni cha mashariki ya Kongo hiyohiyo. Naandika "mimweko" kwa kuwa si yote inayofika ardhini. Mingi huishia humohumo mawinguni. Inayofika inatutosha.

Nilipokuwa darasa la nne radi ilipiga shule yetu, saa nane mchana, tukiwa tumejikusanya barazani chini ya mabati kungoja mvua ikatike. Walikufa wawili, msichana na mdogo wake. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nitaeleza yaliyofuata, kwa sababu ndiyo yaliyonipa hamu ya kuandika. Kabla ya matanga kwisha watu walishaanza kuulizana ni nani aliyeituma. Kwetu husemwa kwamba iko radi ya mvua na iko radi ya kutumwa, na radi iliyowachukua watoto wawili wa nyumba moja ikawaacha arobaini waliokuwa karibu nao haiwezi kuwa ya mvua. Iliwachaguaje? Jibu lilipatikana kwa mama mzee mmoja, mjane, ambaye alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na baba wa watoto wale. Namshukuru Mungu hakupigwa. Lakini wiki ileile aliondoka usiku na godoro lake akaenda kwa binti yake, mlima wa pili, na shamba lake likalimwa na wengine.

Iliwachaguaje? Katika kusoma kwangu niligundua kwamba wahandisi wa ndege wamelikalia swali hilohilo kwa zaidi ya miaka 60, ila wao huliuliza kwa namna nyingine: umeme utapita wapi?

Kiswahili kimekaribia kulijibu ndani ya neno lenyewe. Umeme ni ule mwanga wa mawinguni, na umeme ndio unaowasha taa. Wazungu walihitaji majaribio ya mwaka 1752, ya Benjamin Franklin na wenzake wa Ufaransa, wakubali kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Kiswahili kilipokutana na nyaya kililichukua jina la kile cha mawinguni kikazipa, na mtoto anayejifunza lugha hii hupewa ugunduzi huo bure. Natania, lakini kidogo tu.

Umeme wa radi moja huwa kama ampea 30,000, na mara chache hufika 200,000. Hewa unayoipasua hupata joto la nyuzi 30,000 hivi. Pamoja na ukali wote huo hauna nia. Unatoka penye chaji nyingi kwenda penye upungufu, na humiminika zaidi katika njia inayoupa upinzani mdogo. Ukiwekewa metali nene hupita humo, na metali hupona. Ukinyimwa njia, hupasua kilicho mbele yake. Wale watoto wawili walikuwa wameegemea nguzo ya chuma iliyoshika mabati ya baraza. Sisi wengine tulikuwa tumechuchumaa ukutani, kwa sababu wakubwa walikuwa wametuwahi nafasi za mbele. Kila aliyekuwapo siku ile alikuwa ameiona nguzo hiyo.

Ndege za zamani zilizaliwa na kinga yao. Mwili wake ni bati la alumini, na alumini ni barabara pana ya umeme. Radi huingia puani au kwenye ncha ya bawa, hutambaa juu ya ngozi ya ndege, hutokea upande wa pili na kuendelea na safari yake mawinguni. Walioketi ndani wamo katika kile ambacho wanafizikia hukiita kizimba cha Faraday, kwa heshima ya Mwingereza Michael Faraday, ambaye mwaka 1836 aliingia na vipimo vyake ndani ya chumba kilichofunikwa kwa metali, akaamuru umeme upigwe kwa nje, na ndani vipimo havikutikisika. Lakini ndege ina matangi ya mafuta, na hapo kizimba peke yake hakitoshi. Tarehe 8 Desemba 1963 Boeing 707 ya shirika la Pan Am, ikizunguka angani kungoja ruhusa ya kutua Philadelphia, ilipigwa na radi karibu na mji mdogo wa Elkton, Maryland. Mvuke wa mafuta katika tangi la bawa uliwaka. Watu wote 81 walikufa. Tangu hapo masharti ya kukinga matangi yamekazwa tena na tena, na ndiyo maana leo ajali ya namna ile ni kitu cha nadra mno.

Halafu alumini yenyewe ikaanza kuondoka. Boeing 787 ilianza kubeba abiria mwaka 2011, na karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa ndani ya plastiki ngumu. Airbus A350, iliyoingia kazini mwanzoni mwa 2015, imezidi nusu. Sababu kuu ni uzito, kwa kuwa kilo isiyobebwa ni mafuta yasiyochomwa kwa miaka yote ambayo ndege itaruka. Na ndege hizi si za mbali. Ethiopian Airlines walipata 787 yao ya kwanza mwaka 2012, Kenya Airways 2014, Air Tanzania 2018. Zinapita juu ya maziwa yetu na mawingu yetu.

Nyuzi za kaboni hupitisha umeme, ila vibaya, takriban mara elfu moja vibaya kuliko alumini, na plastiki inayozishika haipitishi kabisa. Radi ikiipiga ngozi ya namna hiyo bila kinga, umeme hukwama pale ulipoingilia. Joto hupanda, plastiki hugeuka kuwa gesi, na matabaka huachana kama maganda ya mgomba. Kwa hiyo wahandisi waliifukuza metali kwa mlango wa mbele wakairudisha kwa mlango wa nyuma, kwa kutandaza wavu mwembamba wa shaba chini ya rangi. Kinga hiyo imepimwa kwa radi za maabara na kuruhusiwa, na hufanya kazi. Lakini wavu una uzito, ule uleule uliokuwa unakimbiwa, na sehemu yake ikichanika kuishona upya ni kazi ya fundi mwenye subira. Nadhani hakuna mhandisi anayeutazama wavu huo kwa furaha.

Hapo ndipo kaboni ya aina nyingine ilipoanza kutazamwa, na hapo nililazimika kueleza nano ni nini.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Sentensi hiyo ni sahihi na haimsaidii mtu. Mama yangu ataelewa zaidi nikimwambia kwamba ukucha wake hukua takriban nanomita moja kila sekunde. Unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 hadi 100,000. Insha nyingi za somo hili huanza na hotuba ya Richard Feynman huko California, Desemba 1959, kisha huja kwa Mjapani Norio Taniguchi aliyelitumia neno "nanoteknolojia" mwaka 1974. Nimeshawataja, tuendelee.

Udogo peke yake si habari. Habari ni kwamba kitu kilekile, kikipangwa upya katika kiwango hicho, hubadilika tabia. Masizi ya sufuria, makaa, risasi ya penseli na almasi vyote ni kaboni, na tofauti yao iko katika mpangilio. Mwaka 1991 Sumio Iijima, wa maabara ya kampuni ya NEC huko Tsukuba, Japani, alichapisha picha za hadubini ya elektroni zikionyesha kaboni iliyojiviringisha ikawa kama mabomba, moja ndani ya jingine. Dunia ya sayansi ikasimama. Wasovieti wawili walikuwa wamechapisha picha za mabomba ya namna hiyo tangu 1952, kwa Kirusi, na karibu hakuna aliyezisoma. Sisi tunaoandika kwa lugha ambazo maabara kubwa hazizisomi tuna haki ya kuguna kidogo hapo.

Kwa Kiswahili kitu hicho kiitweje? Darasani tulibishana saa nzima. Wapo waliotaka "neli", wapo waliotaka kulitohoa jina la Kiingereza lote zima. Mimi nilishikilia "mrija", na bado naushikilia. Mrija ni kile kijiti chenye uwazi ambacho wazee wetu hunywea pombe ya mtama, wameuzunguka mtungi mmoja, na kila anayekijua atakuwa ameshaelewa nusu ya jambo: ni chembamba, ni kirefu, kitu hupita ndani yake. Nusu ya pili ni ukuta wake. Chukua wavu wa banda la kuku, ule wenye matundu ya pembe sita, uviringishe mpaka kingo zikutane. Kila mahali nyaya zinapokutana pana atomi moja ya kaboni. Mrija mwembamba kabisa una upana wa nanomita moja hivi, na urefu unaoweza kuwa maelfu ya mara ya upana huo.

Kwa uzito ulio sawa, mrija mmoja ni imara kuliko chuma cha pua mara nyingi. Ni mwepesi kuliko alumini. Na umeme hupita kwa urefu wake kwa raha. Unaona wahandisi walichokiona: kitu chepesi kama plastiki, kigumu kupita metali, na chenye barabara ya umeme ndani yake.

Matumizi yake ya kwanza ni kuchanganya mirija hiyo katika plastiki inayoshika nyuzi za kaboni. Haihitajiki mingi. Hata chini ya asilimia moja ya uzito, ikisambazwa vizuri, hugusana mrija kwa mrija, na plastiki iliyokuwa ukuta inaanza kupitisha umeme. Nilipomweleza jirani yangu wa bwenini alisema ni kama watu waliopanga mstari kupokezana matofali; hakuna anayetembea, lakini tofali linafika. Mfano huo ni wake, nami nimeuchukua.

Matumizi ya pili yananivutia zaidi kwa sababu yanafanana na kushona. Udhaifu wa ngozi hizi za ndege uko kati ya tabaka na tabaka, mahali ambapo hakuna uzi unaovuka, ila plastiki tu. Brian Wardle na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, waliotesha mirija ikasimama wima kama nyasi za uwanjani, wakaiweka katikati ya matabaka kabla ya kuyagandisha. Mirija hujichoma juu na chini katikati ya nyuzi na kuyashika matabaka yote mawili. Mwaka 2009 chuo chao kilitangaza kazi hiyo kwa jina la kushona kwa nano. Mishono hiyo huzuia matabaka yasiachane, na papo hapo huupa umeme njia ya kuvuka kutoka tabaka hili hadi lile. Kundi hilohilo lilionyesha baadaye kwamba utando wa mirija ukipitishiwa umeme hupata joto la kutosha kugandisha plastiki bila ile tanuri kubwa inayomeza bawa zima. Utando kama huo unaweza pia kuyeyusha barafu kwenye ukingo wa bawa.

Niliposoma zaidi nilianza kuchoka na neno moja: "utaweza". Maandishi ya nanoteknolojia yamejaa ndege zitakazojiponya majeraha, mabawa yatakayobadili umbo, lifti ya kupanda hadi angani. Nikajiwekea kipimo changu cha kijinga: je, imesharuka? Mengi hayajaruka. Dhidi ya radi ya ampea 200,000 shaba bado inaishinda plastiki yenye mirija, na wavu ungali pale chini ya rangi. Mirija hupenda kushikamana mabonge, na bonge ndani ya bawa ni udhaifu. Nguvu ya mrija mmoja chini ya hadubini si nguvu ya kilo moja ya mirija. Tena mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba mirija mirefu, ikiingizwa katika miili ya panya, ilileta madhara yanayofanana na yale ya asbesto. Ndani ya plastiki iliyoganda imefungwa; anayeikata na kuipiga msasa kiwandani ndiye wa kuulizia. Sisi tuna wajomba waliochimba madini na kurudi na kikohozi kisichokwisha, kwa hiyo sikuweza kuupita ukurasa huo haraka.

Mwenzetu mmoja wa Gisenyi alikuwa na ndoto yake. Mirija hutengenezwa kwa kupitisha gesi yenye kaboni, methani kwa mfano, juu ya chembe ndogo za chuma katika joto la mamia ya nyuzi. Chini ya Ziwa Kivu imelala methani nyingi sana, na upande wa Rwanda tayari wanaivuta na kuichoma kuzalisha umeme. Kwa nini tusiigeuze mirija? Nilimjibu kwamba gesi ndiyo sehemu rahisi. Kinachogharimu ni hadubini, na watu waliokaa miaka kumi wakiitazama. Hakukubali, na mjadala wetu haujaisha.

Mahali ambapo mirija imesharuka kweli ni mbali kuliko ndege yoyote. Vyombo vya anga hutengenezwa vichache, uzito wake ni dhahabu, na anayevitengeneza huthubutu mapema. Mwaka 2014 kampuni ya Uingereza, Surrey NanoSystems, ilitangaza msitu wa mirija iliyosimama wima unaomeza asilimia 99.965 ya mwanga unaouangukia. Ukiutazama unaona shimo. Mwezi Desemba 2015 weusi huo ulikwenda angani ndani ya jicho la kutafutia nyota la setilaiti ya Singapore, ili mwanga wa jua usijirudishe ndani ya bomba na kuzificha nyota.

Lakini mfano ninaoupenda ni Juno. Chombo hiki kilirushwa na NASA tarehe 5 Agosti 2011 kwenda Mshtarii, sayari ambayo vitabu vingi vya shule huiita Jupita, na kilifika Julai 2016. Kuizunguka Mshtarii kuna mikanda ya mnururisho mikali kuliko ya sayari nyingine yoyote ya jua letu. Elektroni hukipiga chombo bila kukoma, chaji hujikusanya kwenye sehemu zisizoungana na nyingine, na ikizidi huruka kama cheche. Ni radi ndogo juu ya mwili wa chombo chenyewe, yenye uwezo wa kuua vifaa vilivyosafiri miaka mitano. Dawa ni ileile: kuipa chaji njia. Karatasi nyembamba za mirija ya kaboni, zilizotengenezwa na kampuni ya Nanocomp ya New Hampshire, ziliwekwa kwenye baadhi ya sehemu za nje za Juno, zikiwemo zile za kuzunguka injini kuu, ili chaji isambae badala ya kujilimbikiza. Kwa maneno ya jikoni, NASA ilikipaka chombo chake masizi, yaliyopangwa vizuri.

Na chombo hicho kilikwenda kukutana na radi. Voyager 1 ilikuwa imeshaziona radi za Mshtarii mwaka 1979. Juno, katika mizunguko yake minane ya kwanza ya kuikaribia sayari, ilinasa 377, na habari hiyo ilichapishwa mwaka 2018. Nyingi ziko karibu na ncha za sayari. Kwetu radi hupenda ikweta, kule huikimbia. Watafiti wanaeleza kwamba jua, hata likiwa mbali vile, huipasha ikweta ya Mshtarii joto linaloituliza hewa ya juu, na kwenye ncha hakuna cha kuituliza. Hakuna mtu kule wa kuzituma wala wa kutumiwa.

Kazi yangu ilipata alama nzuri, na likizo niliibeba nyumbani, kwa kuwa sharti la mwalimu lilikuwa mzazi aweze kuifuata. Niliisoma jioni, mama akichambua maharagwe, baba mdogo akiwa ameketi mlangoni. Nilipofika kwenye wavu wa shaba baba mdogo alinikatiza.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Ndege moja ya watu mia tatu imewekewa shaba?"

"Ndiyo, baba."

"Na shule ya watoto mia sita?"

Nikamweleza kinga-radi, ambayo yeye huijua kwa jina la paratoneri kwa sababu kanisa letu linayo: ncha ya chuma juu, waya mnene wa shaba ukutani, na fimbo iliyozikwa chini kwenye udongo wenye unyevu. Haihitaji nano. Franklin aliijua. Akasema shule nayo iliwekewa, zamani, kabla sijazaliwa, na katika miaka ya vita watu waliung'oa waya wakauuza kama chakavu. Hilo sikuwahi kulisikia. Tulikaa tukipiga hesabu ya bei ya shaba kwa mita, na ya jinsi ya kuificha ndani ya ukuta isionekane.

Mama hakuingia katika hesabu hizo. Alimaliza maharagwe yake, akaniuliza kama naweza kuisoma tena Jumapili baada ya misa, kwa baba wa wale watoto wawili, na polepole. Nilimwambia nitaifupisha, nitaondoa mambo ya Mshtarii.

"Hapana," akasema, "hayo usiyaondoe."